Muziki Penye Kisu

Mwaka 1914 mganga mpasuaji Evan Kane wa Marekani alieleza jinsi alivyoweka gramafoni katika chumba cha kupasulia, apate kutuliza hofu ya wagonjwa. Siku hizi wapasuaji wengi huchagua nyimbo za kujipendezea wenyewe. Hatuwalaumu, kazi ni ndefu, na wimbo huchangamsha. Lakini mama anayepasuliwa kwa sindano ya mgongo yu macho, asikia yote. Nasi wa Kiwanja tuliokimbia risasi mwaka 2008, si kila kishindo kwetu ni ngoma. Tena kelele humzuia msaidizi asisikie neno la mganga. Basi, ndugu, twaona wimbo uchaguliwe na yule alalaye mezani. Na damu ikizidi, uzimwe mara moja.