Konzi ya Mahindi

Mwenye kuku alishawapa dawa ya minyoo kabla hajaniita. Mayai yalikuwa yanapungua, mengine yana ganda laini linalobonyea vidoleni, na mtetea mmoja, tena yule mnono kuliko wote, alikutwa bandani alfajiri amekufa, upanga wa kichwani umepauka. Tulipompasua tuliona mafuta ya njano yameizingira firigisi. Ini lilikuwa limevimba, la njano nalo, likiguswa linamomonyoka, na juu yake damu imeganda. Ini lililojaa mafuta lilikuwa limechanika, kuku akavujia damu ndani kwa ndani. Minyoo haikuhusika.

Kundi lenyewe ni la kuku wa kahawia, ISA Brown, nyuma ya nyumba huko Mbagala, Dar es Salaam. Mama huyu si bahili: chakula cha kuku wa mayai ananunua, tena kizuri. Ila juu yake aliongeza mahindi asubuhi, ukoko wa ugali mchana, na kiporo cha wali kila kilipopatikana. Hivyo havikuwa kwenye hesabu yake, kwa kuwa havikununuliwa kwa ajili ya kuku.

Tuviingize basi. Mtetea wa aina hii hula gramu 110 hivi kwa siku. Tuchukue chakula chenye protini asilimia 17, kalsiamu asilimia 3.8 na kilokalori 2,750 kwa kilo: anapata protini gramu 18.7, kalsiamu gramu 4.2 na kilokalori 302. Sasa mpe konzi ya mahindi, tuseme gramu 40, naye apunguze gramu 40 za chakula chake. Nguvu inapanda hadi kilokalori 325 hivi. Protini inashuka hadi gramu 15 na ushei. Kalsiamu inaanguka hadi gramu 2.7, na ganda la yai moja lina gramu 2 hivi, ilhali mwili haufyonzi yote anayoyala. Kuku yuleyule ananenepa huku amepungukiwa. Akikosa kalsiamu anaweza hata kula zaidi kwa kuitafuta, na nguvu ya ziada ikaishia tumboni na kwenye ini.

Kumtazama kwa macho hakusaidii, manyoya yanaficha mengi. Tuliwashika mmoja mmoja. Mfupa wa kidari ukichoma kama kisu, kuku amekonda; ukizama kwenye nyama usiusikie vizuri, amezidi. Lakini kuku wa mayai huweka mafuta zaidi tumboni, kwa hiyo vidole peke yake havitoshi. Mizani ya kuning'iniza na kiroba vilitumika, alfajiri kabla hawajala, maana gole lililojaa huharibu kipimo. Kila mmoja alifungwa uzi wa rangi mguuni. ISA Brown aliyekomaa huwa na kilo 2 hivi; kundini walikuwamo waliozidi sana na mmoja aliyekonda, ambao wastani ungewaficha wote.

Mama alitaka kuwapunguzia chakula kwa jumla. Hilo nililipinga: wababe wangewahi kula na kubaki wanene, yule aliyekonda angezidi kukonda, na mayai yangekatika kabisa. Kilichoondolewa ni nyongeza. Kiporo kilikoma. Mahindi yalibaki machache, chini ya sehemu moja ya kumi ya mlo, yakimwagwa jioni kwenye maranda ili wachakure. Chombo cha pili cha chakula kiliwekwa upande wa pili wa banda kwa ajili ya wanyonge. Mchicha ulining'inizwa juu kidogo, wauruke. Makombe ya chaza yaliyopondwa yaliwekwa kwenye chombo cha peke yake mchana, wajiwekee akiba, kwa kuwa sehemu kubwa ya ganda hujengwa usiku. Na kwa joto la Dar es Salaam, chakula kilitolewa mapema asubuhi; kuku hatoi jasho, hujipoza kwa kuhema, na mafuta humwongezea taabu.

Maganda ndiyo yaliyotangulia kuwa magumu. Uzito ulifuata polepole, mizani ikirudiwa kila wiki. Mtetea mmoja mzee hakurudi kutaga, akaingia sufuriani.

Anayefuga Kuroila au Sasso asiichukue hiyo kilo 2: hao ni wazito kwa asili, na hunenepa upesi wakifungiwa bandani na chakula bila kikomo. Kwao kipimo kianze wakiwa mitemba, kabla yai la kwanza halijatoka.