Raha ya Mvua na Suala la Mtazamo: Huxley na Kenyatta

Mandhari ya mvua katika fasihi mara nyingi huhakikiwa kama pambo la fani. Kitabu cha Elspeth Huxley, The Flame Trees of Thika (1959), kinadhihirisha udhaifu wa uhakiki wa aina hiyo. Humo mwandishi anakumbuka utoto wake kuanzia 1913, wazazi wake walipokwenda Thika kufungua shamba la kahawa. Msimulizi ni mtoto, na uteuzi huo una uzito. Mtoto hana deni la kulipa wala zamu ya jembe. Kwake nyika, mito na hali ya hewa ni vitu vya kuchezea na kustaajabia. Hivyo msomaji hupewa raha ya kuwa nje bila kudaiwa gharama yake.

Gharama yenyewe haiko mbali. Miche ya kahawa hupandwa wakati wa mvua ili mizizi ishike. Katika mashamba makubwa ya Thika na Ruiru, basi, msimu uliompendeza aliyetazama kutoka barazani ndio huohuo uliomwita kibarua kondeni. Aidha, kabla ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, wakulima wengi wa Kiafrika nchini Kenya walizuiwa kupanda zao hilo. Mvua iliwanyeshea wote. Mibuni ilikuwa ya wachache.

Je, yafuata kwamba kuifurahia mvua ni anasa ya mlowezi tu? Uhakiki wa kitabaka ukiishia hapo utakuwa umewanyang'anya wenyeji hata furaha yao. Lugha yao inashuhudia vingine. Wagikuyu huziita mvua za masika mbura ya njahi, yaani ya fiwi, na za vuli mbura ya mwere, yaani ya uwele. Jina la mvua ni jina la chakula. Furaha na kazi havikutenganishwa.

Ushahidi ulio wazi zaidi umo katika Facing Mount Kenya (1938). Jomo Kenyatta, mzaliwa wa eneo hilohilo la Kiambu, anasimulia ibada ya kuomba mvua aliyoshiriki mwenyewe. Kabla moto wa kafara haujazimika, mvua kubwa iliwashukia, nao wakarudi nyumbani wamelowa chepechepe. Mwandishi anaikumbuka safari hiyo kama jambo lisilosahaulika kwa urahisi. Katika kitabu cha kielimu, chenye lugha ya mtafiti, hapa ndipo sauti ya aliyelowa inapojitokeza.

Waandishi wote wawili, basi, wanaikumbuka nchi iliyo wazi kwa mapenzi. Tofauti yao haimo katika wingi wa mapenzi hayo. Kwa Huxley, mazingira humzunguka mtu mmoja anayetazama. Kwa Kenyatta, mvua ni jibu walilopewa watu waliokwisha kuiomba pamoja. Mhakiki wa mandhari hana budi kuanzia hapo: ni nani anayelowa, na ni shamba la nani linalochipua.