Bogenvilia Haikuomba Maji

Ule ukuta wa kona kule Mikocheni mnaujua. Agosti ya mwaka jana ulikuwa mwekundu kuanzia getini hadi kwenye nguzo ya umeme, na abiria wa bajaji waliufanya kituo: "Nishushe penye maua." Mwaka huu ni kijani kitupu. Majani mapana, laini, yanang'aa kwa afya. Ua hata la dawa hakuna. Wasomaji wananiuliza ni ugonjwa gani umeingia. Hakuna ugonjwa. Kuna bomba, na kuna mtu aliyelifungua Juni.

Tuanze na hiyo Juni, maana mengine yote yametokana nayo. Masika yalikuwa yameshakatika, kipupwe kimeanza, udongo wa juu umeanza kupauka. Wiki hiyohiyo mwenye nyumba akaleta mafundi, wakatandaza mipira ya matone chini ya ukuta mzima, wakafunga na taima, maji yakawa yanatoka kila alfajiri kabla hata muadhini hajamaliza. Kijana wa bustani naye akakabidhiwa mfuko wa urea na agizo la kumwaga kiganja kimoja kwenye kila shina, kila wiki. Mmea wenyewe haukuwa mche wa jana. Ulikuwa na shina nene kama paja la mtu mzima na ulikuwa umeishi miaka mingi kwa maji ya mvua peke yake. Kuumwagia maji ya kila siku mwezi ule ni kumtoa uwanjani mshambuliaji aliyekwisha kufunga mabao mawili, dakika ya 60, kisa eti anaonekana amechoka.

Bogenvilia asili yake Brazili, kwenye nchi yenye msimu wa mvua na msimu wa ukame unaoeleweka. Mvua ikinyesha, inarefusha matawi. Mvua ikikatika na mizizi ikaanza kuhangaika, kasi ya kutoa majani inapungua, sukari iliyokuwa ikijenga matawi inajikusanya kwenye ncha, na kwenye ncha hizo ndiko maua yanakotokea. Wanaosoma vitabu vya Ulaya watawaambia kinachoamsha maua ni siku kuwa fupi. Huko kwao sawa. Dar es Salaam tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote haifiki hata saa nzima, kwa hiyo kinachohesabika kwetu ni kiu. Kiu ya Juni ndiyo maua ya Julai na Agosti. Kiu ya Januari ndiyo maua ya Februari. Mwenye ukuta ule aliizima kiu wiki ileile ilipokuwa inaanza kufanya kazi yake.

Nendeni mkautazame kwa karibu, ila msiushike. Kila jani la bogenvilia lina kwapa lake, pale kikonyo kinapoungana na tawi, na kwenye kwapa hilo mmea hutoa kimoja kati ya viwili: mwiba au kishada cha maua. Ni kiungo kilekile. Mwiba ni kishada kilichokatishwa safari. Tawi likikimbia kwa sababu lina maji na naitrojeni ya kumwaga, kwapa linatoa mwiba. Tawi likitulia, kwapa linatoa kishada: yale majani matatu ya rangi tunayoyaita ua, na katikati yake vijiua vitatu vyeupe vidogo ambavyo ndivyo maua yenyewe. Sasa tazameni miiba ya ukuta ule ilivyo mirefu na ilivyo mingi. Kila mmoja ulikuwa na nafasi ya kuwa kishada.

Nimeletewa utetezi. Naambiwa mwishoni mwa Mei majani yalianza kudondoka, na mtu mwenye huruma akiona jani linadondoka anatafuta ndoo. Lakini bogenvilia kupukutisha majani ukame unapoingia ni tabia yake ya kawaida, na mara nyingi ndiyo salamu kwamba vishada viko njiani. Kungoja wiki tatu kusingemgharimu mtu yeyote senti. Utetezi wa pili ni kwamba ukuta wa kijani nao unapendeza. Unapendeza, kweli, lakini kama ni kijani kilichotafutwa ungepandwa mmea wa majani usio na miiba, watoto wakapita salama kwenda shule.

Kuhusu urea nimeshaandika humu mara nyingi kiasi kwamba mhariri akiliona hilo neno anavuta pumzi. Naliandika tena. Urea ni naitrojeni asilimia 46 na zaidi ya hapo haina kitu cha maana kwa mmea. Ni mbolea ya kukuzia, na kwa mwenye mahindi sina ugomvi naye. Ukiimwaga kwenye mmea wa maua unauagiza utoe majani, nao unatii. Bogenvilia iliyokomaa ikipewa samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri mara moja mvua zinapoanza, imeshiba. Mwenye kiherehere cha duka achukue NPK ya 17:17:17, kidogo, tena msimu wa kuchipua, si msimu wa kuchanua. Mbolea ya kuku ikiwa mbichi ni urea iliyovaa kanzu.

Halafu kuna mkasi. Kila Jumamosi kijana yule anapita na mkasi mkubwa ananyoosha ukuta hadi uonekane umepigwa plasta. Bogenvilia inachanua kwenye matawi mapya, karibu na ncha. Ukikata ncha kila wiki, hata kama maji yangefungwa na urea ikatupwa baharini, usingeona kishada. Kupogolea ni kazi ya mara moja baada ya maua kuisha: unakata theluthi ya kila tawi refu, unatoa yaliyokauka na yanayosuguana ndani, unaondoka. Miti ya ukuta inafundishwa kwa kamba, haifundishwi kwa kunyolewa. Sijui nani aliwaambia watu wa mji huu kwamba bustani safi ni bustani yenye pembe za mraba na mawe yaliyopakwa chokaa, lakini namdai.

Kwa haki: nyaya za kushikia matawi zimefungwa vizuri, na matandazo ya majani makavu chini ya shina yamewekwa na mtu anayejua.

Wakongwe wetu wasingefanya kosa hili, na hawakuwa na taima. Bibi zetu wa Tanga na wa Ng'ambo walikuwa na bustani uani yenye upana wa jamvi. Mwasumini kwenye debe la mafuta ya kupikia lililotobolewa chini kwa msumari, mrehani kwenye kopo, mkilua nafasi ikiwapo, na bogenvilia imejibanza kwenye uzio bila kusemeshwa. Mtazamaji wa haraka angesema walimwagilia ovyo. Hawakumwagilia ovyo. Maji ya kuoshea mchele yalikwenda kwa mwasumini na mrehani, kila siku, kwa sababu hiyo ni mimea inayotaka unyevu. Mwasumini ukipata maji na ukikatwa matawi yaliyochoka unatoa machipukizi mapya yenye vitumba, navyo vilichumwa jioni kabla havijafumbuka ili vichanue usiku vikiwa tayari kwenye koja. Bogenvilia haikupewa hata tone la mchele. Yaani katika ua mmoja kulikuwa na ratiba mbili za maji, na bibi alizishika kichwani. Leo tuna kifaa cha kielektroniki chenye ratiba moja kwa kila kitu kilicho na mizizi.

Na lile debe lilikuwa ufundi, si umaskini. Tundu chini linatoa maji ya ziada. Mizizi ikibanwa, mmea wa aina ya bogenvilia unaacha tamaa ya kurefuka na kuanza kuchanua. Sasa hivi vitalu vya barabarani vinauza vyungu vya kauri vinavyong'aa, visivyo na tundu, na sahani chini yake ya kuhifadhia maji yanayooza. Mtu analipa pesa nyingi kununua kisima cha kuzamishia ua lake. Waridi la jangwa ndilo linaloumia zaidi. Adeniamu, kwa jina lake la kitaalamu, ni mmea wa kwetu Afrika Mashariki, wa nchi kavu, na lile tumbo lake nene la chini ni ghala la maji. Mwenye ghala lililojaa haletewi ndoo. Mchanga mwingi, udongo kidogo, jua kutwa, maji udongo ukishakauka hadi chini. Likipukutisha majani wakati wa baridi ya Julai, punguza maji zaidi. Ukilibonyeza tumbo likawa laini, limeshaoza. Utomvu wake ni sumu, kwa hiyo lisikae mahali mtoto wa kutambaa anafika.

Anayetaka maua bila kazi pwani hii hana haja ya kuhangaika. Vinka, lile la petali tano linaloota hata kwenye nyufa za sakafu, lina asili ya Madagaska na linachanua karibu mwaka mzima kwenye mchanga mtupu; kosa pekee linaloliua ni maji kutuama. Euphorbia milii, lenye miiba na vijiua viwili viwili, nalo ni la Madagaska, halijali jua wala kusahauliwa. Portulaka inafunguka jua likipanda na kufunga jua likishuka, na kijiti kilichovunjika ukikichomeka kinashika. Kuna haibiskasi ya petali zilizochanikachanika inayoning'inia kama taa za harusi, Hibiscus schizopetalus, mwenyeji halisi wa mwambao wetu, na bado mkienda kwenye kitalu mnaulizia ile yenye ua kubwa iliyotoka mbali na kuvamiwa na vidukari kila wiki.

Hapa naomba radhi, nitaingiza kinyongo changu cha zamani. Kuna muuza miche mmoja aliyewahi kuniapia, mkono kifuani, kwamba haidrenjia inastawi Dar "ukiipenda". Haidrenjia inastawi Lushoto, inastawi Njombe, inastawi kwenye miteremko ya Meru, mahali usiku una baridi. Mapenzi hayapunguzi nyuzi joto za Februari. Petunia vivyo hivyo: itakupendezea Julai na kukufia Desemba. Swali la kwanza la kumuuliza muuza miche si bei. Ni huu mche umekulia wapi, kwenye jua au chini ya wavu mweusi? Uliokulia kivulini ukiuleta moja kwa moja kwenye jua la saa saba utaungua, na wewe utadhani una njaa ya mbolea.

Tena tunadharau vyetu. Mwaka 1892 afisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka kwao urujuani mdogo wa misitu ya Usambara, na hadi leo uko kwenye madirisha ya Ulaya nzima, Wajerumani wakiuita kwa jina la milima yetu. Kwa ukuta wa Mikocheni haufai, nakubali. Unataka kivuli, hewa ya ubaridi na kumwagiliwa bila kulowesha majani. Lakini mwenye baraza Lushoto ambaye hana hata kopo moja la urujuani huo, na ana vyungu vitatu vya maua ya plastiki, anijibu.

Turudi ukutani, kwa sababu mmea ule bado unaokoleka na mwenye nyumba, nasikia, anasoma safu hii. Funga maji leo. Si kupunguza; kufunga. Mfuko wa urea mpe mtu mwenye shamba Mkuranga. Mkasi uwekwe stoo, na yale matawi marefu yanayokuudhi yaachwe yaning'inie, maana hayo ndiyo yenye ncha. Yatasimama kukua, majani ya chini yatabadilika rangi na kudondoka, na hapo ndipo roho itakuuma, usiguse bomba. Kwa kawaida wiki nne hadi sita za ukavu zinatosha kwa mmea uliokomaa, kwa hiyo vuli zisipowahi, Oktoba kunaweza kuwa na rangi. Zikiwahi, mtangoja kiangazi cha Januari, na mtangoja mkiwa na haki ya kulaumu. Mipira ya matone yenyewe msiing'oe. Isogezeni upande wa pili wa geti kwenye mwasumini unaokauka pale, ambao ndio uliokuwa ukiomba maji tangu mwanzo na hakuna aliyeusikia. Na bogenvilia changa mtakayopanda kuziba pengo la karibu na nguzo, hiyo mmwagilie kweli, msimu wake wote wa kwanza wa ukame, maana mizizi yake ni laini na bado haijafika popote. Muda wa kuipandisha kiu utakuja baadaye.

Nimeambiwa lakini kwamba subira imekwisha, na mpango uliopo ni kuing'oa yote na kupanda iksora ukuta mzima. Iksora inataka udongo wenye uchachu. Chini ya ukuta ule kuna kifusi cha saruji na matumbawe yaliyobaki tangu nyumba ilipojengwa, vyote chokaa. Majani yatakuwa ya njano na mishipa ya kijani kabla mwaka haujaisha, chuma kimo udongoni na mmea haukifikii, na mtu atakwenda dukani kununua urea.