Kosa Hufanyika Kabla Pipa Halijajaa

Pita jioni kwenye gereji za kupulizia rangi magari, mafundi wakiosha bunduki zao, utaliona pipa moja kando ya ukuta. Humo humwagwa kila kitu: tina iliyooshea bunduki, rangi iliyobaki kikombeni, hadena iliyopita muda wake, maji ya kusugulia bodi, hata oili chafu. Likijaa, mwenye gereji huanza kutafuta wa kulichukua, naye hushtuka akitajiwa bei. Sioni sababu ya kumlaumu mchukuzi. Pipa hilo liliharibiwa siku ya kwanza.

Tina ya dukani kwa kawaida ni mchanganyiko wa vimiminika kama toluini, zailini na asetoni. Toluini huchemka kwenye nyuzi 110 za Selsiasi, lakini haingoji kuchemka ndipo iwake. Kwenye nyuzi 4 tu, baridi ya jokofu, tayari hutoa mvuke wa kutosha kudaka cheche. Mvuke huo una uzito wa mara tatu ya hewa, kwa hiyo haupandi juu ukapotea. Hutambaa sakafuni, ukaingia mtaroni, ukamfikia mama lishe mwenye jiko la mkaa. Anayemwaga tina kwenye chemba amemsukumia jirani yake hatari. Anayeliacha pipa wazi ili "likauke" amefanya yale yale kwa njia ya hewa, na wa kwanza kuivuta ni fundi wake mwenyewe.

Sasa tia hadena humo. Hadena nyingi za rangi za magari zina aisosianeti, ambayo ikikutana na maji hutoa gesi ya kaboni dioksaidi. Hapo yule fundi mwangalifu, aliyekaza mfuniko barabara, ndiye anayejitengenezea bomu: pipa huvimba, na likizidiwa hupasuka. Oili chafu haina vituko hivyo, ila huiharibu tina ambayo ingeweza kurudi kazini.

Na kuirudisha si kazi ngumu. Bunduki huoshwa mara mbili: kwanza kwa tina iliyokwisha kutumika, kisha kwa tina safi kidogo. Ile chafu hutiwa kwenye dumu lake lenye mfuniko, ikaachwa itulie siku moja au mbili. Rangi huzama, na ya juu humiminwa taratibu ikawa ya kuoshea mkupuo wa kwanza. Manunuzi yamepungua bila mtambo wowote.

Mwenye taka nyingi anaweza kununua mtambo wa kukeneka. Kanuni yake, niseme bila aibu, ni ile ile ya gongo: chemsha, pitisha mvuke kwenye bomba lililopozwa, kinga kinachodondoka. Ila gongo huchemshwa kwa kuni, na tina ukiichemsha hivyo utazikwa nayo. Mtambo wa tina hauna mwali wa moto, umeme wake umezibwa usitoe cheche, na hujizima joto likipita kiasi. Mafundi samani wanaotumia vanishi ya NC wasiuguse kabisa. Vanishi hiyo ina naitroselulosi, na mabaki yake yakikaukia ndani ya mtambo wenye joto huweza kuwaka yenyewe.

Tope linalobaki chini ndilo taka halisi. Lina resini, pigimenti, na pengine risasi au kromi ya rangi za zamani. Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 umeliweka katika kundi Y12, pamoja na taka nyingine za rangi na wino, na Tanzania ina kanuni zake za taka hatarishi za mwaka 2021: hukabidhiwa mwenye kibali, kwa maandishi. Mojawapo ya njia nzuri za kulimaliza ni tanuri la saruji, ambamo malighafi hufikia nyuzi 1,450. Resini huungua, na metali nyingi hufungwa ndani ya klinka. Lakini mwenye tanuri hupokea kitu anachokijua. Pipa la mchanganyiko lazima lipimwe kwanza, pengine likataliwe, na bei iliyomshtua mwenye gereji inaanzia hapo.

Kuhifadhi hakuna mengi: lebo yenye tarehe, kivuli, kizingiti cha kuzuia kilichomwagika, na waya wa kuunganisha mapipa na ardhi wakati wa kumimina, maana tina inapotiririka hujenga umeme tuli.

Limebaki pipa tupu. Watu huliona salama, kumbe ndani mna mvuke na hewa pamoja, hali ambayo pipa lililojaa halina. Mchoma majiko akilikata kwa gesi, humlipukia usoni. Usimuuzie.