Hongera, Mwalimu wa Simtanki

Walimu wa sayansi wanaochora simtanki ubaoni wanastahili pongezi, na wengi wao hawajawahi kuzipata. Somo ni umeme, kitu ambacho mwanafunzi hakioni. Mwalimu anachora tanki juu ya mnara, bomba likishuka hadi kwenye koki. Haelezi, anauliza: tukiinua mnara, maji yatatokaje? Na bomba likiwa jembamba? Mikono inapanda hadi madawati ya nyuma, kule wanakokaa wasiopenda kuulizwa. Kimo cha tanki kinakuwa volteji, wembamba wa bomba ukinzani, maji yanayopita mkondo.

Ufundi wenyewe, kwa maoni yangu, uko mbele kidogo. Mwalimu hodari anafuta kipande cha bomba. "Limekatika. Je, na waya ukikatika?" Maji yatamwagika, lakini umeme haumwagiki sakafuni, mkondo unakoma. Darasa linagawanyika, kelele zinaanza (mkuu wa shule akipita atadhani hakuna mwalimu), hadi mmoja anapendekeza mchoro mwingine: mnyororo wa baiskeli, unaozunguka wote kwa pamoja.

Wanasayansi wakubwa nao wamefikiri hivyo, kwa picha. Mwaka 1861 James Clerk Maxwell wa Uskoti alieleza sumaku kwa picha ya vizunguko vilivyotenganishwa na vigololi. Picha hiyo ilimsaidia kuona kwamba mwanga ni wimbi la umeme na sumaku; baadaye aliiweka kando, akabaki na milinganyo.

Wathibiti ubora wakifika shuleni, basi, wautazame na ubao, si andalio la somo tu.