Kezilahabi na Mazoea ya Kuandika: Funzo kwa Wanafunzi Wetu

Kila mwaka wanafunzi wa kozi ya Uandishi wa Kubuni hutakiwa kuleta hadithi fupi moja, na kila mwaka hadithi nyingi huanzia ufukweni. Utakuta minazi, jahazi, mzee wa kanzu na binti aliyejitanda kanga. Mwandishi mwenyewe kazaliwa Mbarara au Gulu, na bahari ameiona kwenye picha tu. Ukimwuliza sababu, hujibu kuwa Kiswahili ni lugha ya pwani, hivyo hadithi ya Kiswahili sharti iwe ya pwani. Mwenzake ambaye hakuleta kitu husema kuwa msukumo haujamjia.

Makala haya yanadai kuwa majibu hayo mawili yana mzizi mmoja. Yote huchukulia kuwa uandishi ni mali ya wengine: ama wenye lugha, ama wenye kipaji. Njia nzuri ya kuyapima madai hayo ni kumtazama Euphrase Kezilahabi, aliyefariki mwaka 2020.

Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 Ukerewe, kisiwa kilichomo katika ziwa lile lile linalopiga mawimbi Entebbe na Jinja. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kikerewe. Kiswahili alijifunza, kama tunavyojifunza wengi wetu. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitoka mwaka 1971, wakati hajafika miaka 30. Mwaka 1974 zikafuata Kichwamaji na diwani ya Kichomi, na mwaka 1975 Dunia Uwanja wa Fujo. Hivyo ni vitabu vinne katika miaka mitano, na mtu huyo hakuwa amekaa tu akiandika. Alikuwa na masomo na kazi ya kufundisha. Mtu anayengoja msukumo hawezi kufikia idadi hiyo.

Tuitazame Rosa Mistika kwa jicho la fundi. Mwandishi hakwenda kuazima pwani. Alianzia kijijini Ukerewe, katika nyumba ya Zakaria, baba mlevi na mkali, na Regina, mama anayebeba mzigo wa familia. Sentensi zake nyingi ni fupi na msamiati ni wa kila siku. Baba anapompiga Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana, tukio lenyewe linatosha kutuonyesha malezi yatakayomponza binti huyo atakapotoka nyumbani. Mwanafunzi wetu angetumia hapo methali tatu na maneno matano ya kamusi, na uchungu wote ungepotea.

Hata hivyo, si kila kitu katika riwaya hiyo ni cha kuigwa. Pengine msimulizi huacha kusimulia na kuanza kutufundisha, kana kwamba hana imani na msomaji wake. Lakini fungua Kichwamaji. Humo anayesimulia ni Kazimoto, mhusika mwenyewe, na mawaidha yakitolewa yanakuwa sehemu ya tabia yake, hata tunaweza kuyatilia shaka. Kwa maoni yangu, haya ni maendeleo ya mtu anayeandika mfululizo. Kasoro ya kitabu cha kwanza hutibiwa katika kitabu cha pili, na asiyeandika cha kwanza hana cha kutibu.

Jambo la pili ni usomaji. Tasnifu ya uzamili ya Kezilahabi, ya mwaka 1976, ilimhusu Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya. Mwandishi aliyeachana na mtindo wa mtangulizi wake alikuwa kwanza amemsoma kwa makini. Naye Shaaban Robert hakuishi kwa kalamu. Tangu mwaka 1926 hadi 1944 alikuwa karani wa forodha, na ukarani haukumzuia kuandika.

Sasa tujitazame sisi walimu. Tunafundisha fani na maudhui mpaka mwanafunzi anaweza kuorodhesha tamathali kumi za usemi akiwa usingizini, lakini anahitimu bila kuandika ukurasa mmoja wa kwake uliosahihishwa zaidi ya mara moja. Huku ni sawa na kumfundisha mtu majina ya sehemu za jembe bila kumpeleka shambani. Aidha, tunasahihisha sarufi kwa wino mwekundu na kunyamaza juu ya hadithi yenyewe.

Napendekeza mazoea manne. Kwanza, mwanafunzi awe na daftari, aandike nusu ukurasa kila siku, saa ile ile, hata siku ambayo hana la kusema. Pili, aandike juu ya mahali anapopajua: soko lake, stendi yake, shamba la migomba la bibi yake. Tatu, asome kwa sauti alichoandika, kwa maana sikio hunasa sentensi mbovu iliyolipita jicho. Nne, kila kazi iandikwe upya angalau mara mbili kabla ya kupewa alama, na alama zitolewe pia kwa mabadiliko aliyoyafanya.

Jambo hili si la darasani tu. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Watoto hao watahitaji hadithi za kusoma. Tusipoziandika sisi, watajifunza Kiswahili kwa vitabu ambavyo ndani yake hakuna kijiji chao wala ziwa lao, nao watakua wakiamini kuwa lugha hii ni ya wageni. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Nusu ukurasa kwa siku, katika muhula wa wiki kumi na tano, ni zaidi ya kurasa hamsini. Hicho tayari ni kitabu kidogo.