Lawama Inayotwikwa Lugha ya Mama

Ni desturi yetu sisi tufundishao katika vyuo vikuu vya Tanzania, tuonapo Kiingereza cha mwanafunzi kimepinda, kuilaumu lugha aliyokua nayo. Kalamu nyekundu huandika pambizoni, "Hiki ni Kiswahili!" na hukumu imekwisha. Nami nimepata kuandika hivyo. Yafaa tuipime hukumu hiyo.

Hapana shaka lugha ya kwanza huacha alama. Kiswahili husema "amekuja" bila kubagua mwanamume na mwanamke. Kwa hiyo mwanafunzi humtaja mama yake kwa neno "he", wala hana nia ya kumvunjia heshima. "Nyumbani" humtosha aliyepo, aendaye na atokaye; Kiingereza humtenga kila mmoja kwa namna yake. Akiulizwa, "Hukuja jana?" naye hakuja, hujibu "Ndiyo", kwa kuwa ayakubali maneno ya muulizaji. Mwingereza hujibu "No", kwa kuwa alitazama tendo lenyewe. Makosa ya namna hii ndiyo aliyoyashughulikia Robert Lado katika kitabu chake cha mwaka 1957, akishikilia kwamba penye tofauti baina ya lugha mbili ndipo penye ugumu.

Lakini tulitazame kosa jingine tulijualo sote: "discuss about". Kiswahili husema "kujadili jambo", wala hakitii kiungo katikati. Mwanafunzi angalifuata Kiswahili, angalisema sawasawa. Amepotezwa na Kiingereza chenyewe, kilichomzoeza "talk about". Mtoto wa Uingereza naye hupita njia iyo hiyo asemapo "goed", wala hajui neno moja la Kiswahili. Mwaka 1967 S. Pit Corder alieleza kwamba makosa kama haya ni ushahidi wa akili inayotafuta kanuni.

Basi magonjwa ni mawili, na dawa ni mbili. La kwanza lataka mwalimu aziweke lugha mbili ubavu kwa ubavu. Naye hawezi kufanya hivyo asipoijua sarufi ya Kiswahili, au ya Kisukuma na Kihaya, maana kwa wanafunzi wengi hizo ndizo lugha za mama. La pili lataka mwanafunzi aonyeshwe mpaka wa kanuni aliyoivumbua mwenyewe. Lawama haiponyi hata moja.

Nakumbuka insha moja iliyokuwa na hoja safi. Nilipita juu ya hoja, nikaandika pambizoni maneno yangu yale. Mwenye insha hakufungua kinywa tena darasani hata muhula ukaisha. Nilidhani nimemsahihisha, kumbe nimemnyamazisha. Na kosa lenyewe lilikuwa "discuss about". Kiswahili kilikuwa hakimo kabisa katika kosa lile. Nami, mwalimu wa Kiswahili, ndiye niliyekisingizia.